Bafu la Bibi Mtarajiwa

Jumatatu, 3 Machi

Naitwa bibi! Mtoto bado hajazaliwa, lakini mimba ipo, daktari kathibitisha, na mimi nimeshaanza kuitika. Haya, shajara, hujambo. Mimi sijambo kupita kiasi.

Mwanangu kaja mwenyewe mchana kunieleza. Fundi umeme wangu! Nilimlea kwa mikate ya tanuri langu, leo hakuna nguzo ya umeme asiyoijua. Kasema mkewe ana mimba, na kabla sijamaliza vigelegele akasema kuna jingine. Kampuni inampeleka mbali kuvuta nyaya. Hatarudi mpaka mtoto awe anakaribia kutambaa. Mkewe hawezi kuachwa peke yake, kwa hiyo atahamia kwa mama mmoja kati ya wawili.

Nikamwambia chumba kipo, shuka zipo, mimi nipo. Akajikuna kichwa. Tatizo ni bafu langu. Tumbo la mkwe wangu siku hizi halitaki kusikia harufu ya dawa ya choo ya dukani. Juzi alipokuja aliingia bafuni akatoka mbio, nikadhani kaona nyoka. Kumbe ni ile dawa yangu ya buluu, ambayo humwaga bila ubahili.

Mama wa pili ni mama yake mzazi. Humu namwita Bi Vigae, kwa sababu bafu lake lina vigae kuanzia chini hadi darini na hawezi kumaliza mazungumzo bila kuvitaja. Mkwe atakuja kwangu Jumapili, kisha ataamua. Mjukuu wangu akogeshwe kwenye vigae vya watu? Piga ua, haiwezekani! Nitatengeneza dawa ya bafu mwenyewe, ya vitu vya asili, isiyomchafua mtu tumbo. Nimeshamwambia mwanangu utaalamu huo ninao tangu zamani. Kesho nitautafuta.

Jumanne, 4 Machi

Utaalamu nimeupata redioni, kipindi cha akina mama. Rahisi kama kumenya ndizi. Maganda ya malimau na machungwa, sukari, maji. Unafunika, unaacha yachache. Yanakuwa dawa inayokula uchafu wenyewe, wewe umekaa.

Nikachangamka. Kisha mtangazaji akasema usubiri miezi mitatu.

Miezi mitatu! Nikazima redio. Nikaketi. Nikawaza. Nikasimama tena, maana jibu lilikuwa kabatini mwangu miaka yote. Hamira! Mimi ni mwokaji. Unga uliolala kama jiwe naufufua kwa kijiko kimoja cha hamira, sembuse maganda. Ajabu kwamba redio nzima hakuna aliyefikiria hilo.

Nimekwenda kwa muuza juisi wa kona kuomba maganda. Kaniuliza nimeanza kufuga mbuzi lini. Nimemwambia hii ni sayansi. Kanijazia gunia, akasema nimsalimie mbuzi.

Nimechanganya kwenye ndoo. Hamira nimetia kwa mkono, siyo kwa kijiko, kwa sababu jambo lenyewe ni la haraka. Sukari nimezidisha ili hamira isife njaa. Kisha nimemimina kwenye chupa za soda, nikakaza vizibo kwa nguvu zangu zote, nikazipanga kwenye rafu ya bafuni. Ukuta ule umepakana na tanuri, una joto zuri. Pia nimeona ni vizuri dawa izoee mahali pake pa kazi.

Baba Watoto kauliza kama nina uhakika. Mume wangu ni mtu mwema, ila anapenda sana kuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Msiba mdogo.

Baba Watoto aliingia kuoga asubuhi. Huimba akioga, na huimba vibaya. Mimi nilikuwa tanurini natoa mikate. Nikasikia pu! Nikasikia pu nyingine. Kisha zikafuatana kama watu wanaogombana. Wimbo ukakatika katikati. Akatoka na taulo, ganda la chungwa begani, povu mpaka kwenye masharubu. Alilitoa lile ganda begani. Halafu akauliza kwa upole kama kazi ya leo imekwisha au kuna zaidi.

Nimechunguza chanzo. Ni ile sauti yake. Chupa zilikuwa zimetulia mpaka alipoanza ubeti wa pili.

Kuta zimelowa zote, dari pia. Lakini tazama upande mzuri: bafu zima limepakwa dawa, hata pale nisipofika na ufagio. Chupa mbili zimesalimika. Nimezifungua polepole nikiwa nimejifunika sufuria kichwani. Zilifoka, zikatulia. Harufu yake? Tamu! Kama bustani.

Nimepaka sakafu nzima kwa zile mbili, nikaacha bila kusuuza, ili dawa ile uchafu kwa nafasi.

Jumanne ya kuvumbua, Jumatano ya kupaka. Wengine husoma chuo miaka mitatu.

Alhamisi, 6 Machi

Bafu linanukia mpaka barabarani. Mteja wa mikate kaniuliza kama ninatengeneza keki. Nimetabasamu tu. Mwenye siri hutabasamu.

Sikuweza kuvumilia. Nimempigia simu Bi Vigae. Nimemsalimu, nikamuuliza hali ya magoti yake, kisha nikamdokezea kwamba bafu langu sasa ni la asili, mjamzito anaweza hata kulala humo. Akasema yeye huweka marashi ya waridi, na vigae vyake havihitaji dawa, vinapanguswa tu. Nikamwambia aje kesho anuse mwenyewe. Alikubali upesi mno. Ningeshtuka, lakini nilikuwa nimejaa furaha.

Sakafu inanata kidogo ukitembea pekupeku. Baba Watoto anasema kandambili yake moja imebaki humo na hana nguvu ya kuirudia. Dawa inafanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Bi Vigae kaja kavaa kana kwamba anakwenda kupokea tuzo. Nikamkalisha, nikampa chai na mkate wa moto, akausifu kidogo tu, kama mtu anayetoa kwa deni. Kisha nikamwongoza bafuni, nikafungua mlango kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni.

Sisimizi! Siyo mmoja, siyo mia. Mstari mnene umeshuka kutoka dirishani, ukazunguka sinki, ukapanda kwenye tangi la choo, ukagawanyika huku na huku. Darini nako wamo. Walikuwa wanafanya kazi kwa bidii, kila mmoja na chembe yake, kana kwamba mimi ndiye niliyewaajiri.

Nilikosa pa kutia uso. Bi Vigae alichungulia, akavuta pumzi, akashika kanga yake isiguse mlango.

“Dada,” akasema, “sebuleni kwako niko mgeni mmoja. Huku chooni naona umealika ukoo mzima.”

Nikamjibu kwamba sisimizi hawaingii mahali penye sumu, na hiyo ndiyo sifa ya dawa yenyewe. Nilijibu vizuri. Lakini akacheka mpaka akaketi, akasema binti yake asihangaike kuja Jumapili, chumba chenye vigae kimeshatandikwa.

Alipoondoka nikaenda kukanda unga. Nimekanda sana. Ulikuwa laini kuliko kawaida, maana nilikanda na machozi kidogo. Mwanangu anaondoka, na mke wake aende kwingine, na mtoto azaliwe nisimsikie kilio chake cha kwanza. Ndiyo hivyo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilishindwa. Nimekwenda dukani kununua tena ile dawa ya buluu, na ile nyingine kali ya kutoa madoa, ili niue sisimizi na aibu kwa pamoja. Nikaomba na chupa ya siki, nikieleza kwamba nitachanganya zote tatu ziungane nguvu.

Muuza duka, kijana mpole, akarudisha ile dawa kali kwenye rafu. Akasema siki na dawa ya madoa havikutani kamwe, vikichanganyika vinatoa moshi unaokaba koo, na chumba kidogo kama bafu ndiyo mbaya zaidi. Niliondoka na siki peke yake, hata ile ya buluu nikaiacha. Ningemkaribisha mkwe wangu kwenye moshi!

Nikakaa kizingitini, siki mapajani. Baba Watoto akaja akaketi kando yangu. Akauliza:

“Mama, bati zako za mikate zinaungua kila siku. Mbona hazinuki na zinang'aa?”

Nikamwangalia. Bati naziosha kwa magadi, maji moto na brashi. Likibaki doa jeupe, siki kidogo, nasuuza. Nafanya hivyo tangu kabla hatujaoana. Anaulizaje kitu kama hicho wakati mimi nina majonzi ya bafu?

Kisha nikainuka kwenda kuchukua kopo la magadi.

Tukaingia wote wawili. Kwanza maji moto mengi, sisimizi wakaaga. Halafu magadi yaliyokorogwa mazito kama uji, tukasugua sakafu, sinki, choo, kuta, yeye juu ya stuli akisugua dari. Tukasuuza. Palipobaki madoa meupe ya maji tukapaka siki, tukasuuza tena, tukafungua dirisha. Aliimba. Nikamwachia, hapakuwa na chupa.

Mgongo sina. Lakini wazo lilikuwa langu, nilikuwa nalo muda wote.

Jumapili, 9 Machi

Alikuja!

Mama yake alimkataza, akaja. Mwanangu kamshika mkono kama yai. Nyuma yao Bi Vigae, amekuja kushuhudia. Mkwe akanisalimu shikamoo, akaniomba radhi kwa siku ile ya kukimbia, kisha akasema anahitaji kwenda bafuni.

Akaingia. Mlango ukafungwa. Sisi watatu tukabaki ukumbini tukitazama ukuta, Baba Watoto kajificha tanurini. Hakutoka. Nikahesabu maua ya pazia. Hakutoka. Mwanangu akataka kugonga, nikamzuia, mimi mwenyewe nimeshikilia ukuta.

Akatoka anajipangusa uso. Hakuwa amekimbia.

“Mama,” akasema, “humo ndani hakuna harufu yoyote. Nimekaa tu nipumzike. Nyumbani kwetu waridi limenichosha.”

Hakuna harufu yoyote? Wiki nzima ya sayansi, na hakuna harufu yoyote? Nilikaribia kuchukia. Kisha nikaona mwanangu anacheka na macho yake yamelowa, nikaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa.

Mkwe akaketi kwenye kiti changu, akala mkate wa kwanza, akaomba wa pili. Akamwambia mama yake taratibu, kwa heshima, kwamba anampenda, ila hapa anapata usingizi na chakula kinakaa. Tena akasema amesikia habari za chupa na sisimizi, alicheka mpaka mtoto akacheza tumboni, na mwenzake akiwa mbali atahitaji nyumba yenye kicheko. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema ale mkate wa tatu.

Nikamwonea huruma Bi Vigae. Ni binti yake pia. Nikamwambia aje wakati wowote, godoro lipo, na mtoto ana bibi wawili, hatapungukiwa. Akanishika mkono. Pale mlangoni akaniuliza chini chini siri ya bafu.

Ningemwambia magadi? Kila mtu ana magadi. Nikampa siri yenyewe, pakiti mbili za hamira na maelezo yote. Moyo wangu ni mweupe.

Jumatano, 12 Machi

Mambo yananyooka. Mkwe anahamia mwisho wa wiki, mwanangu anaondoka siku inayofuata. Kwa hiyo nafanya karamu ndogo: yeye na mkewe, wakubwa zake wa kazini, wateja wangu wa zamani, majirani, Bi Vigae na dada zake watatu. Waje wamuage mwanangu kwa heshima, waone na nyumba.

Bi Vigae kapiga simu asubuhi. Anauliza kama ni kawaida chupa kunenepa. Nimemjibu ni dalili njema, akaze kizibo.

Bafu liko tayari. Sasa ni sebule. Viti vya mbao vimefifia, na rangi ya dukani inanuka, haiwezekani na mkwe ndani. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na viti. Mkate ukitoka tanurini naupaka maji ya sukari kwa brashi, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kwa nini kiti kisipakwe? Vitu vya asili kabisa, mtoto anaweza hata kulamba. Redioni hawajui.

Nimepaka vyote leo, mipako mitatu, migongo na makalio. Vinameremeta mpaka najiona. Baba Watoto kajaribu kimoja. Alipoinuka, kiti kiliinuka naye kidogo. Nimemweleza kwamba kiti bora hakimwachii mgeni upesi. Kaniuliza kama nina uhakika.

Nina uhakika. Nitaongeza mpako wa nne kesho. Wote wanakuja Jumamosi.