Vita vya Fundi Cherehani na Sindano ya Homa ya Matumbo

Tulieni, enyi mlioketi nanyi mliosimama! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana ninasimulia habari za Fundi Cherehani, Simba wa Futikamba, Mtiisha-Kaki, Mnyoosha-Mapindo, na jinsi alivyoingia zahanati kwa miguu yake na kutoka kwa miguu yake. Msicheke mapema.

Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza katika nchi ya mbali, nchi ileile ambako Fundi, katika ziara yake ya awali, aliyavamia maji ya bomba kwa ushujaa usio na kifani, akarejea kwake amebebwa, homa ya matumbo imemkausha kama uzi. Kwa hiyo binti alipiga simu na kutoa amri iliyotikisa kuta za sebule. "Baba, nakupenda, lakini bila chanjo mjukuu humshiki. Utamtazama dirishani kama duka lililofungwa."

Chanjo ilitaka ikae mwilini wiki mbili kabla ya safari, na wiki mbili ndizo zilizobaki. Ni leo au basi tena. Naye Fundi, ambaye sindano za kazi zilimchoma vidole tangu ujana huku akipiga mluzi, aliogopa sindano moja tu duniani: ile iliyoshikwa na mtu mwingine.

Basi akajitia moyo kwa kuvaa suti mpya ya safari, akaondoka na mkewe, naye mkewe akamshika kiwiko njia nzima asije akapotelea uchochoroni. Kwenye benchi la zahanati walimkuta mama mzazi wa mkwe wao, bibi wa pili wa mtoto yuleyule, amekwisha kuchanjwa, anapumzika kidogo kabla ya kwenda zake, ametulia hata anakera.

Nesi, Malkia wa Pamba na Spiriti, akamwita kutoka mlangoni. "Fundi, karibu. Vua koti."

Fundi akasimama kama aliyepigiliwa misumari. "Ewe nesi mtukufu! Niombe gauni, niombe mapazia ya zahanati nzima, nitashona. Lakini koti hili halivuliki!"

"Halivuliki vipi," mkewe akauliza, "na asubuhi umelivaa mbele ya kioo?"

Hapo ndipo siri ya majemadari ilipofichuka. Kwa ajili ya joto la safarini, Fundi alikuwa amebuni shati lisilo na mgongo wala mikono, kola na kifua tu, vikashonewa ndani ya koti lenyewe, kazi safi hata mkewe hakuigundua. Na mikono ya koti aliibana ipendeze, haipandi hata kidogo. Kuvua koti kungekuwa kubaki tumbo wazi mbele ya bibi yule, mkwe wake, na heri kufa.

Mkwe huyo akajikohoza taratibu. "Usijisumbue, mkwe wangu. Nikifika nitamshika mtoto kwa niaba yako. Nitamwambia babu yake alikuwa na koti zuri sana."

Lo! Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano yoyote. Fundi akatoa mfukoni mkasi wake mdogo, akaliendea bega la kushoto la suti yake mwenyewe, akafumua uzi baada ya uzi, mshono aliousifu wiki nzima, mpaka mkono wa koti ukaanguka sakafuni na ngome ikawa wazi. Mkewe akafumba mdomo kwa kiganja. Alijua suti ile ilivyomgharimu usingizi.

"Choma!" akanguruma Fundi, macho ameyafumba. Kitu baridi kikamgusa, akapiga ukelele uliowaamsha watoto wa chumba cha pili.

"Hiyo ni pamba, mzee," nesi akasema. Na alipokuwa bado anaona haya, sindano ikaingia ikatoka, asijue.

"Haya, sikia," nesi akaendelea. "Chanjo inapunguza hatari, haiiondoi yote. Maji ya huko yachemshe, chakula ukile kingali moto, matunda umenye mwenyewe, na mikono unawe kwa sabuni. Usianze tena ushujaa wa bombani."

"Naapa kwa cherehani yangu," akasema Fundi, kwa unyenyekevu wa kweli.

Pale pale kizingitini mkewe akampigia binti yao simu ya video. Fundi akainua bega lililo uchi, lenye kiplasta kisichozidi kifungo cha shati. Binti akacheka mpaka akalia, kisha akamwelekeza mtoto kwenye simu. "Haya, mwanangu, mwone babu. Huyu atakushika." Mtoto akapiga mwayo. Fundi akatokwa na machozi waziwazi, wala hakusingizia vumbi.

Enyi mnaohifadhi habari za wafalme na vita vyao, ongezeni mstari mmoja. Mtakapozitaja siku kuu za ulimwengu, itajeni na asubuhi ile, ambapo mkono wa kushoto wa Fundi Cherehani ulipata ruhusa ya kumbeba mtoto.