Maikrofoni ya Wifi Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Bendi ya Mahameli imepata wimbo mpya. Wimbo mzuri! Nakiri ni mzuri kwa sababu nilipousikia nilijiona mimi nikiuimba. Halafu Daktari akampa wifi yangu.

Daktari ndiye kiongozi wetu na mpiga kinanda. Si daktari wa chochote. Aliuza dawa ya kikohozi mpaka akastaafu, na sasa anatutungia nyimbo za soul za kizamani: tarumbeta, suti za mahameli za zambarau, mwimbaji mmoja mbele analia na mapenzi, na wanawake wawili nyuma yake wanazunguka na kuitikia "uuu." Mimi ni mmoja wa hao wawili. Wa kulia. Watoto wangu wamekua, wameota ndevu, wamehama nyumbani, mimi bado "uuu."

Wa mbele ni wifi. Mdogo wake mume wangu, mwalimu wa chekechea, sauti yake ya kubembelezea watoto walale. Mashabiki wanamwita Asali. Nyuki wangekuwa na wakili, wangeshtaki.

Wimbo unaitwa "Rudi, Chai Haijapoa." Tutauimba kwa mara ya kwanza Jumamosi ya wiki ijayo, katika jumba la zamani la sinema. Watu watajaa. Wakati wa chakula nilimwuliza mume wangu kwa nini asipewe mke wake. Yeye anapiga gitaa la besi. Mchana anatengeneza lifti. Kote huko huwa hasemi. Akasema dada yake ana sauti. Nikamwambia hata mimi ninayo. Akasema haya.

Haya! Huyu mtu alinioa kwa haya na atazikwa kwa haya.

Safari hii sikubali. Wimbo ule ni wangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia! Pale kazini, duka la miwani, alikuja mwalimu wa kwaya kubadilisha kioo. Mtu wa maneno mengi. Akaniambia waimbaji wakubwa hunyamaza kabisa kabla ya onyesho. Hawasemi hata salamu. Sauti inapumzika.

Nilifunga droo ya fremu kwa furaha nikabana kidole.

Jioni nikaenda kwa wifi. Nikampa habari hiyo kwa sauti ya huruma, kama ninampa pole. Nikamwambia sauti yake ni mali ya watu wote, asiichezee, anyamaze tangu sasa mpaka siku ya onyesho. Shule zimefungwa, hakuna mtoto wa kumkemea. Wifi huamini kila anachoambiwa kwa upole. Machozi yakamlengalenga. Akanikumbatia, akasema hakuna mtu anayemfikiria kama mimi.

Hapo amesema kweli.

Hesabu yangu ni rahisi. Asiyefanya mazoezi atasahau maneno. Na mazoezini lazima mtu aimbe badala yake. Daktari atanisikia. Akishanisikia, basi tena.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Tunafanyia katika ghala la magodoro, kwa sababu mwenye duka ndiye mpiga tarumbeta wetu na kwa sababu majirani wa kila mahali pengine walishatufukuza. Magodoro yamepangwa mpaka darini, bado yako ndani ya nailoni.

Wifi akaingia na skafu shingoni, akaweka mkono kifuani badala ya salamu. Msanii! Daktari akauliza nani ataimba sehemu yake. Nikangoja kidogo nisionekane nina pupa. Lakini Msusi, mwitikiaji mwenzangu wa kushoto, akaacha kutafuna chingamu na kufungua mdomo. Nikamuwahi.

Nikaimba! Niliimba mpaka nailoni za magodoro zikatetemeka. Mpiga tarumbeta akasema amenisikia vizuri sana, hata yeye mwenyewe alipokuwa anapuliza. Nilimshukuru. Daktari akasema wimbo huu ni wa mwanamke anayembembeleza mpenzi wake arudi, na mimi nimeuimba kama ninayetaka akamatwe na polisi. Daktari hana sikio. Miaka yote ile ya kusikiliza watu wakikohoa.

Wifi alikuwa ameketi juu ya godoro, anatabasamu, ananipigia makofi yasiyo na sauti. Anakera akisema na anakera akinyamaza.

Jumapili, 9 Juni

Naimba kila siku. Ghalani, jikoni, bafuni, dukani. Jana mzee mmoja nilikuwa nampima macho huku nikiimba. Akasema herufi anaziona, ila angependa kuondoka.

Jambo moja silielewi. Tangu wifi anyamaze, watu wote wamempenda upya. Mpiga ngoma amemweleza matatizo yake ya nyumbani, yeye akawa anatikisa kichwa tu, na mpiga ngoma ametoka hapo anasema hajawahi kupata ushauri mzuri kama ule. Msusi anasema hakujua Asali ana utu hivyo. Hata mume wangu leo kasema dada yake amependeza siku hizi. Sentensi nzima!

Mtu hasemi kitu, anaonekana ana busara. Mimi nasema kutwa nzima na hakuna aliyewahi kunishuku kuwa ninayo.

Jumatano, 12 Juni

Sauti imepotea. Yangu!

Niliamka nimwambie mume wangu aondoe soksi mezani, mdomoni kikatoka kitu kama bawaba iliyoshika kutu. Mume wangu akanyanyua kichwa, akasema ule mlango unataka mafuta.

Daktari akanipa dawa ya kikohozi kwa furaha isiyo na aibu. Fani yake imehitajika hatimaye. Msusi akanishauri ninyamaze; ati amesikia waimbaji wakubwa ndivyo wanavyofanya. Nikamtazama. Akaendelea kutafuna.

Halafu Daktari akamwomba wifi ajaribu ubeti mmoja tu, taratibu. Wifi akavua skafu.

Sitaki kuandika. Basi, naandika. Sauti ilikuwa imepumzika mpaka ikawa mpya. Ilitoka laini, ikapanda, ikakaa kule juu bila kutetereka. Mpiga tarumbeta aliishusha tarumbeta yake akasahau kuingia. Na maneno yote anayakumbuka, kwa sababu siku zote hizi nimekuwa nikimwimbia masikioni mimi mwenyewe!

Mbele ya wote akanishika mikono. "Wifi, ungeniacha nipige kelele zangu kama kawaida, leo ningekuwa wapi?"

Daktari naye akanipa mkono wa pongezi. Nilitaka kuung'ata.

Ijumaa, 14 Juni

Sauti bado. Lakini nani kasema lazima sauti?

Nimekumbuka mkanda mmoja wa zamani wa maonyesho ya muziki huu. Mwimbaji anazidiwa na hisia. Anaanguka. Mwenzake anakuja kumfunika koti, anamwinua, anamtoa pole pole, watu wanalia. Mara mwimbaji analitupa koti na kurudi jukwaani. Jumba zima linalipuka! Hakuna anayekumbuka nani alikuwa na maikrofoni.

Nitaanguka kwenye ubeti wa mwisho, pale wifi anapobembeleza zaidi. Nimempa mume wangu maelekezo kwa kunong'ona na kwa mikono: nikianguka, aweke gitaa chini, avue koti, anifunike, aniinue. Niliyarudia mpaka nikachoka. Akasema haya.

Mchana nikapita ghalani kufanya mazoezi ya kuanguka. Naanguka kama unyoya. Mpiga tarumbeta alinikuta nimelala chali juu ya godoro lake la bei kubwa, mkono kwenye paji la uso, akauliza kama nanunua. Nikamwambia bado nafikiria.

Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa taabu. Kiwiko kimevimba. Ubavu hausemeki.

Jana jumba lilijaa mpaka ngazini. Ndani ya mahameli tulikuwa tunaiva. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele na mto wake wa kiti. Wifi hakuvaa miwani, kama kawaida yake jukwaani. Miwani ile nilimuuzia mimi, najua anavyoona: bila hiyo hatofautishi mtu na kabati.

Nyimbo za mwanzo nilifungua mdomo tu, "uuu" isiyo na sauti. Hakuna aliyegundua. Hata Msusi, bega kwa bega nami, hakugundua! Hilo liliniuma kuliko kiwiko.

Ukaja wimbo wenyewe. Wifi akabembeleza. Ubeti wa mwisho. Nikaweka mkono kwenye paji la uso. Nikaanguka.

Mbao si godoro.

Nikalala pale, macho nimeyafumba, nangoja koti. Ngoma zinaendelea. Tarumbeta inaendelea. Koti haliji. Nikafungua jicho moja nikaona kiatu cha mume wangu. Alinitazama, akasogeza mguu kwa adabu, kama mtu anayedhani natafuta hereni. Nikamwambia, "Koti!" Ikatoka bawaba. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na besi yake. Msusi naye, badala ya kupiga kelele kwamba mwenzake amekufa, akasogea katikati akaitanua mikono kuziba pengo. Nilimwona! Alifurahi!

Na hapo ndipo wifi alipoanza kurudi kinyumenyume. Ndivyo mtindo wa wimbo ulivyo: hatua nyuma, bega, hatua nyuma, bega. Haoni mbele, ataona nyuma? Kisigino kikagota ubavuni mwangu. Akaenda hewani, miguu juu, akatua chali juu ya tumbo langu.

Na hakuacha kuimba!

Alilala palepale juu yangu, maikrofoni mkononi, anaibembeleza dari irudi chai haijapoa. Sauti ikakatika kwa maumivu, na ilivyokatika ndivyo ilivyozidi kuwa tamu. Watu wakainuka. Wakapanda viti. Mwanamke mmoja alitupa viatu vyake jukwaani, sijui kwa nini. Daktari akaurudia mwisho wa wimbo, akaurudia tena, na kila akirudia wifi anajaza pumzi upya, na kila akijaza pumzi mimi inanitoka.

Nyuma ya pazia wifi alipiga magoti, ananipapasa mbavu, analia kweli, anauliza wapi panauma. Kisha akageukia wenzetu.

"Ni wifi aliyebuni! Alilala pale makusudi ili nianguke. Na hakuniambia, ili nisiogope!"

Anaamini. Naapa anaamini. Daktari akanitazama kama hajawahi kuniona.

Mama mkwe akaja, akambusu binti yake mashavu yote mawili. Akanigeukia mimi, akasikitika. Akasema nimekosa kitu kikubwa, ningejitahidi tu nije.

Tukiwa njiani nilimwuliza mume wangu, kwa bawaba yangu, koti lilikuwa wapi. Akasema alifikiri nimepumzika.

Jumatano, 19 Juni

Sauti imerudi. Video ya kuanguka iko kila simu. Wateja wananionyesha mimi dukani! Wifi anaonekana vizuri, mpaka meno. Mimi ni kitu cha zambarau chini yake. Bibi mmoja alisifu jinsi tulivyoficha mto mahali pazuri.

Mialiko inamiminika, na kila anayepiga simu anauliza kama ule mwanguko upo. Daktari akaitisha kikao ghalani. Akasema mwanguko utabaki. Kila onyesho nitalala, wifi ataanguka. Kuzunguka na "uuu" niache, sehemu yangu atachukua mdogo wake Msusi. Mpiga tarumbeta akajitolea kunikatia kipande cha godoro chembamba cha rangi ya jukwaa. Nikasema nitalifikiria hilo pia.

Ndipo wifi akasimama. Akasema hapana, si haki. Kila siku nilalie mimi mbao? Tubadilishane. Onyesho la kwanza la safari yetu mimi niimbe "Rudi, Chai Haijapoa" kwa maikrofoni, na yeye alale, mimi nimwangukie. Alisema amenisikia ghalani, wimbo naujua wote, na nimeutumikia kuliko yeye. Daktari akakuna kidevu, akasema kwa ajili ya wifi anakubali. Mume wangu akanitazama kwa macho ya kusihi, akasema, "Kubali, mke wangu." Maneno matatu!

Wote wakanigeukia.

Wanadhani mimi ni mtoto. Watu hawaji tena kwa ajili ya wimbo, wanakuja kwa ajili ya mwanguko. Na bila mimi pale chini hakuna mwanguko! Mwanamke ana jukwaa zima, ana mashabiki, ana jina la asali, na bado anakitamani kijinafasi changu cha kulala! Wivu nikiuona naujua.

Nikamshukuru kwa upole mwingi. Nikamwambia aendelee tu kuimba, asijisumbue. Akanikumbatia, akasema nina moyo wa ajabu. Mume wangu akaangalia magodoro.

Kesho naonana na fundi wa taa. Nataka ile taa kubwa iwe inanimulika mimi usoni, kuanzia ninapolala.