Seli Zisizotaka Kugawanyika

Jumatatu, 9 Machi. Asubuhi mawingu, manyunyu na upepo wa kuchukiza.

Mwalimu mkuu ameniita kabla sijafungua maabara. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Anataka kuona seli zikigawanyika kwenye hadubini zote tano. Asipoziona, chumba changu cha baiolojia atapewa Mama Asidi wa maabara ya kemia aweke chupa zake, nami nitahamishiwa kupiga deki korido. Nikasema hakuna shida. Kwa nini huwa nasema hakuna shida?

Afadhali vitunguu vyangu vimekaa juu ya chupa za maji tangu Ijumaa. Vimeota mizizi kama ndevu za mbuzi.

Jioni nimemweleza wifi kazi yenyewe, kujitia moyo. Seli hunakili kwanza urithi wake wote. Nyuzi za urithi zinajipanga katikati, zinavutwa huku na huku, mara seli moja ni mbili, kila moja na urithi kamili. Wifi akasema laiti marehemu baba yao angejua kunakili, wasingegombania sufuria mwaka mzima.

Jumanne, 10 Machi. Jua kali.

Nimekata mizizi. Ncha zilikuwa za njanonjano, za kutia aibu mbele ya mgeni. Nimezipunguza zote nikazitupa, nikabakiza sehemu nyeupe, safi. Nimeiloweka kwenye spiriti na siki kali. Nimejisifu kidogo.

Jumatano, 11 Machi. Joto, hakuna upepo.

Msiba! Nimelainisha vipande kwa asidi, nikavitia rangi, nikaviponda chini ya kioo kwa kidole gumba. Nikachungulia. Seli ndefu, zimetulia, kila moja na kiini chake cha duara, kama abiria waliosinzia. Hakuna hata moja inayogawanyika! Slaidi ya pili: wamesinzia. Ya tatu: wanakoroma. Jasho likatia ukungu kwenye lenzi, nikadhani nimeona kitu. Nilikuwa nimeona jasho.

Mama Asidi akaingia bila hodi, akainama, akauliza ncha ziko wapi. Nikasema nimetupa. Akacheka mpaka akashika meza. Seli za mzizi hugawanyika kule nchani, shoga! Hata kinyozi hakati kichwa akaacha nywele! Kisha akapima ukuta wangu kwa shubiri, aone kama kabati lake litaenea.

Nimepekua droo zote. Kuna slaidi moja ya zamani, nzuri ajabu. Moja. Hadubini tano. Nimepata wazo.

Alhamisi, 12 Machi. Mvua tangu alfajiri.

Mpango: mkaguzi akimaliza hadubini moja na kugeuka kuandika, nachomoa slaidi, naiwahisha kwenye inayofuata. Mkaguzi ni mwembamba, hacheki, viatu vyake havitoi sauti. Moyo ulinipiga mpaka nikahofia ataukagua nao.

Ya kwanza, akaguna. Ya pili, akaguna tena. Ya tatu akasema ajabu, seli ileile imekaa kona ileile. Nikamwambia ni pacha, si zimegawanyika? Mwalimu mkuu akafumba macho. Ya nne, slaidi ikateleza ndani ya mkono wa koti langu. Papo hapo mkaguzi akarudi kwenye ya kwanza. Akachungulia muda mrefu sana.

Akasema seli hii imegawanyika mpaka imekwisha.

Nikamkabidhi slaidi. Mlangoni Mama Asidi alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Uamuzi: mkaguzi atarudi Jumatatu, akate mwenyewe ncha ya mzizi hai. Asipoona kitu, korido. Akaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, 13 Machi. Asubuhi shwari, anga jeupe.

Vitunguu vipya viko juu ya chupa. Mama Asidi ndiye aliyevileta! Akasema niviache na maji matupu, nisiguse kitu, mizizi itatoka yenyewe. Nimekosa raha siku nzima. Mtu anayetaka chumba changu, anipe ushauri mzuri wa nini?

Nimemwomba mtunza bustani mbolea. Akasema kijiko kimoja kwa ndoo nzima, kikizidi kinaunguza mizizi. Lakini ndoo haina mkaguzi anayekuja Jumatatu. Nimetia vijiko vitatu kila chupa. Maji yamekuwa ya bluu, yana povu. Nadhani seli zimechangamka. Nikaogopa haitoshi, nikaongeza kimoja.

Nalala sasa, saa saba na nusu usiku.