Kuomba Mashua Iuzwe, au Mimi Nigeuzwe Mashua

Luciana wa Filipo,
Mwankoko,
Singida.
26 Novemba 1997

Kwa Shemeji Alute,
Kinyangiri.

Shemeji mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASHUA YA MDOGO WAKO

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kiofisi kwa sababu miaka yote niliyopiga taipu pale ushirika, barua za namna hii ndizo zilizokuwa zinajibiwa. Ushirika wenyewe umekufa na sisi tumepunguzwa kazi, lakini mtindo nimeondoka nao. Tena nakuandikia wewe, si padri wala balozi, kwa kuwa wewe ndiye uliyeswaga ng'ombe mpaka kwa baba yangu ukasema huyu kijana wetu ni mtulivu. Ni mtulivu kweli. Anakaa mbele ya ubao kutwa nzima bila kutoa neno.

Unaikumbuka ile mashua ya tanga ya mzungu wa mradi wa maji, ambaye Filipo alikuwa dereva wake. Mradi ulipoisha mzungu akarudi kwao, mashua akamwachia Filipo iwe yake moja kwa moja, kwa sharti moja tu: zile mbao za nje za mtiki zisikose vanishi. Basi tangu siku hiyo iko uani kwetu juu ya trela, matairi yameoza, na maji ya Singidani haijayaonja tena. Ziwa lenyewe kwa ukame huu limerudi nyuma, limeacha vumbi la chumvi. Lakini mbao zinang'aa, shemeji. Ukisogea unajiona meno.

Mficha uchi hazai. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji. Upepo wa huku unaujua. Unaokota lile vumbi la chumvi ziwani unalilaza juu ya mbao, na Filipo anasema chumvi inakula vanishi. Kwa hiyo kila asubuhi mashua inaogeshwa kwa maji matamu. Maji hayo yanatoka bombani kule chini, yanapanda kilima juu ya kichwa changu. Mimi na watoto tunagawana yanayobaki. Jumapili nilikwenda kanisani nimenawa uso tu, mashua imeoga mwili mzima.

2. Ufagio. Vanishi ikiwa mbichi, vumbi likiigusa linaganda kama upele. Basi siku ya kupaka ni marufuku kufagia, marufuku kupepeta mtama, marufuku kupura alizeti, na kuku wanafungiwa ndani wakanichafulie kitanda. Majirani wakipitisha ng'ombe anawasimamisha kwa mkono kama trafiki. Mwezi uliopita alisimamisha jeneza. Nasema jeneza, shemeji! Aliwaomba wafiwa wazungukie kwa nyuma, taratibu, wasiburute miguu. Na wakazunguka, maana walidhani ni mila ya kwetu.

3. Mbuzi. Mbuzi akisikia chumvi hana adabu. Walikuwa wanakuja kulamba ukingo wa mashua mpaka Filipo akagundua kwamba ulimi wa mbuzi unakwangua kuliko msasa. Wangu amewahamishia kwa wifi Elina. Nikitaka maziwa navuka mabonde.

4. Soksi zangu za arusi, zile ndefu nyeupe laini nilizovaa siku moja tu. Amezikata, anachujia vanishi. Nilipomuuliza akasema Singida nzima hakuna kitu kizuri kama soksi zile. Kwa muda mfupi nilidhani anasifia miguu.

5. Misiba. Vanishi nzuri inafika mjini kwa nadra, na Lazaro fundi majeneza anaitaka hiyohiyo. Kwa hiyo akifa mtu mume wangu anahuzunika kabla ya wenye msiba. Juzi aliinama juu ya jeneza, watu wakadhani anaaga, kumbe anakwangua kwa ukucha. Halafu akamwambia mjane, kwa upole wake wote, kwamba marehemu amepakwa vanishi mkono mmoja tu na msasa hakupitishiwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini kaburi lilikuwa na mwenyewe.

6. Paa. Hapa sitanii. Nyumba yetu bado ni tembe, na udongo wa juu umepasuka. Tukilala tunaona nyota. Redio inasema mvua za mwaka huu hazitakuwa za kawaida. Nilimwonyesha Filipo ule ufa, akautazama sana, akaenda kuitandikia mashua turubai jipya isipauke kwa jua. Watoto wanalala upande ule unaobonyea. Ninaogopa, shemeji, na hapa naomba usicheke.

Kwa sababu hizo naomba mojawapo ya mambo mawili:

(a) Uje Jumamosi umwamuru mdogo wako aiuze. Mteja yupo, anaitwa Gabrieli, anafungua baa mjini. Tangu lije hili soko huria kila mwenye viti sita ana baa. Anazitaka mbao ziwe kaunta, na kwa kubadilishana atatoa mabati ya nyumba nzima, misumari juu yake. Walevi watazimwagia bia kila jioni, nazo zitakuwa zimeogeshwa bila mimi kupanda kilima.

(b) Ikishindikana, basi naomba ukoo unitambue rasmi kuwa mbao ya mtiki. Nitakuwa na turubai langu. Nitaogeshwa maji yaliyobebwa na kichwa cha mtu mwingine. Nikichakaa nitapitishiwa msasa laini kwa kufuata nyuzi za mti, si kwa kukatiza, kisha nitapakwa mkono wa kwanza mwepesi wenye tepentaini ili niunywe, halafu mikono mingine sita mizito. Na jioni mwanaume atasimama pembeni aniangalie jua likinipiga ubavuni, aseme polepole: umependeza. Anaiambia hivyo, shemeji. Nimemsikia kwa masikio yangu. Mimi mara ya mwisho kuambiwa nilikuwa nimevaa zile soksi.

Natumaini ombi hili halitageuka kikalio cha kikombe chako cha chai. Nisalimie dada Theodora, watoto, majirani wote wa Kinyangiri, na ng'ombe wale waliobaki zizini baada ya wenzao kuletwa kwetu. Waambie wenzao walikwenda bure.

Ni mimi, niliyefunikwa na vumbi,
Luciana

Nakala: Filipo. (Imewekwa juu ya mashua, ndipo ataiona.)

Tanbihi: Barua hii imechelewa kwa sababu mvua ilikata barabara siku kadhaa. Ilinyesha usiku kucha, na paa likashuka pamoja na ukuta, upande uleule niliokutajia. Watoto hawakuwa chini yake. Filipo alikuwa ameshatuhamishia sote ndani ya mashua tangu mawingu yalipojikusanya, mimi nikimtukana kutoka mlangoni mpaka kwenye trela. Tulilala katika kile chumba kidogo cha mashua, sisi, watoto na kuku. Halikuingia hata tone. Nilikuwa nayasikia maji yanavyoteleza juu ya zile mbao. Nililia, sikufichi. Filipo, nakala yake ikiwa mfukoni mwa shati, akanifunika blanketi akaniambia nimependeza. Kulikuwa giza totoro, lakini nimepokea.

Kwa hiyo ombi (a) limefutwa. Gabrieli alikuja na msumeno, nimemtimua na hatarudi. Ombi (b) nalo liache kwanza. Tumeanza kuinua ukuta, na mikono yako inahitajika, hivyo Jumamosi njoo vilevile. Uje na msasa laini, na soksi za arusi za dada Theodora kama bado anazo. Kuku mmoja amekwaruza ubao wa ukingoni. Mbao zilipokauka vizuri nimeupaka mwenyewe, na vumbi limeshaanza kuamka tena. Ukifika usipitie mbele. Zungukia kwa nyuma, taratibu, usiburute miguu.