Mpimaji wa Kichochoro

"Ukiweka tofali hapo, Coleta, nalala juu yake."

"Lala. Nitajenga nikikuzunguka."

Mzee Wilibrodi na jirani yake Coleta walikuwa wakigombea kichochoro cha hatua nne kati ya nyumba zao. Kila mmoja alitaka kuongeza chumba hapo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Sumbawanga imejaa wachuuzi, na chumba cha kupangisha kinalipa kuliko shamba la ulezi.

Sebastiani akasimama kusikiliza. Alikuwa na koti la mitumba, futi, na moyo wa kusaidia wenye mali.

"Shikamoo, mzee. Habari, mama. Mimi mpimaji, natoka makao makuu."

Makao makuu ya nini, hakusema.

Akapima kichochoro, akapima kuta, akamtupia jicho jogoo wa Coleta. Kisha akamvuta mama pembeni. "Wewe ongeza ubavuni. Huyu mzee nitamshauri apandishe ghorofa." Kwa Wilibrodi alisema yale yale, akageuza majina tu.

Coleta alifurahi, akampa jogoo. Akamwonyesha na bati kumi mpya za Tunduma zilizolala uvunguni.

"Hizo lazima zikaguliwe ofisini," Sebastiani alisema kwa huzuni ya kiserikali.

"Utaondoka nazo, baba. Ila nione kwanza msingi. Vibarua wote wameshuka bondeni Muze kuvuna mpunga."

Bati kumi si mchezo. Sebastiani alivua koti, akamfunga jogoo kwenye kigingi. Sururu aliileta Wilibrodi mwenyewe, naye Sebastiani akacheka kimoyomoyo: kila mmoja anadhani msingi ni wake.

Alichimba hadi alasiri, viganja vikachubuka. Alipoinua kichwa, wagomvi walikuwa wamekaa benchi moja, wanapokezana kata moja ya pombe. Kigingi kilikuwa kitupu.

"Umenyooka," Wilibrodi alisema akiutazama msingi. "Chumba chetu kitapendeza, shemeji."

"Shemeji?" Sebastiani aliuliza.

"Mke wa marehemu mdogo wangu huyu."

"Si mlikuwa mnagombana?"

"Huwa tunagombana mtu wa koti akipita," Coleta alisema. "Mwezi uliopita alipita bwana afya mmoja. Choo alichotuchimbia kile pale, kirefu kweli."

Sebastiani aliokota koti lake. "Na bati?"

"Tutaezekea hicho chumba."

"Basi nipeni jogoo wangu niende."

Coleta alimletea maji ya kunawa na kitambaa safi.

"Nawa, baba, uingie ndani. Ugali umeshapakuliwa, na yeye ameiva."