Kila Mtu Anipishe

Jumatatu, 18 Agosti

Mataa ya njiapanda yetu hapa Nyakato yamekufa. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Na watu wote wamesahau kuendesha! Nimeingia katikati kwa haki yangu, lori likaingia kwa haki yake, basi nalo, tukabaki pale tunatazamana kama mbuzi. Nimepiga honi mpaka ikakauka. Washamba!

Bahati mbaya dada Josepha alikuwa kiti cha nyuma. Jumamosi anamwoza binti yake Nice. Mimi ndiye mjomba. Bibi harusi anapelekwa kanisani na gari la mjomba, hilo halina mjadala. Josepha akaanzisha mjadala. Eti nikiendesha mimi, Nice atafika kanisani Jumapili. Eti mtu anayejua kupita pale ni jirani yetu Lukman.

Lukman! Muuza vitambaa, mwenye Noah kuukuu! Nimemwona anavyopita. Anasimama kabisa, utadhani mataa yanawaka nyekundu. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto. Aliyefika kwanza anamwacha atangulie. Wakifika pamoja, anampisha wa kulia. Wanaovuka kwa miguu anawangoja wamalize. Huo si udereva, ni kuomba msamaha barabarani.

Kamati ya harusi itaamua Alhamisi. Nina shahada, mimi. Watasema Wahaya tunajisifu. Hatujisifu, tunatoa taarifa.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata wazo! Msafara wa msiba umepita njiapanda. Taa kubwa zimewaka, kitambaa cha zambarau kwenye boneti. Wote wakasimama! Malori, bajaji, hata bodaboda wasiopisha gari la wagonjwa. Nikajiuliza: kwa nini heshima yote hiyo apewe mtu ambaye hana haraka tena?

Nimekwenda sokoni. Zambarau ile ilikuwa kwa Lukman tu. Akauliza kuna nini. Nikainamisha kichwa, nikasema ni mambo mazito ya nyumbani, asinichimbe. Machozi yakamlenga. Kitambaa kanipa bure. Mjinga mkubwa!

Mke wangu Prudencia kauliza kitambaa ni cha nini. Nimemwambia ni mambo ya ufundi.

Jumatano, 20 Agosti

Majaribio. Kitambaa kwenye boneti, taa zimewaka, sura nimeikunja. Nimepita kama waziri! Kashindye, yule bodaboda wa kijiweni kwetu asiyemheshimu mtu yeyote, kavua kofia ngumu akaniuliza ni nani katutoka. Nikasema ni mtu wetu wa karibu sana. Nikageuza gari, nikapita tena. Na tena. Raha tupu!

Nimefika nyumbani nikakuta turubai.

Lukman kaleta viti. Kashindye kaleta kijiwe kizima. Mama yangu, aliyekuja kutoka Bukoba kwa ajili ya harusi, amekaa mkekani na akina mama wa mtaa, analia. Nikamvuta pembeni nikamuuliza anamlilia nani. Akasema hajui, bado hajaambiwa, ila hawezi kuwaacha wageni walie peke yao nyumbani kwa mwanawe.

Kisha wote wakanitazama mimi. Ilibidi nimtaje mtu. Nikamtaja shangazi Rose wa Muleba, yuko mbali, hatasikia. Kumbe shangazi Rose alishuka stendi ya Nyegezi asubuhi, na ndiye aliyekuwa jikoni anawapikia chai waombolezaji! Katoka na birika mkononi. Aliyoniambia siyaandiki hapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Watu wasio na kazi wana mdomo mwepesi. Habari za msiba zimefika kwa akina Florian, bwana harusi. Wazee wao wameahirisha harusi! Wanasema hawawezi kuja kucheza kwenye nyumba yenye kilio. Nice kajifungia chumbani, analia kilio cha kweli. Nimemweleza kupitia mlangoni kwamba, kitaalamu, hajafa mtu. Kafungua mlango, kanirushia kiatu cha harusi, kafunga tena.

Josepha alipiga simu mpaka sauti ikakata. Hawakumwamini. Mwishowe ikabidi shangazi Rose apelekwe kwa wakwe, wamwone kwa macho yao. Kampeleka nani? Lukman. Kapita njiapanda ileile kwa adabu zake zilezile, na bado kawakuta wazee ndiyo kwanza wanatoka kwenda kwa padri kubadili tarehe ya ndoa. Shangazi kawasalimia, wakapigwa na butwaa, wakarudi ndani. Harusi ipo.

Kamati haikuchukua muda. Bibi harusi ataendeshwa na Lukman. Mimi nitabeba masufuria ya pilau.

Mjomba! Masufuria!

Jumamosi, 23 Agosti

Noah ya Lukman mbele, imepambwa maua na riboni. Langu nyuma, nalo limepambwa, nililazimisha. Kutoka kanisani kwenda ukumbini tukafika njiapanda. Lukman kasimama. Kampisha mama mwenye beseni la dagaa. Kapisha bajaji. Kisha lori likampisha yeye, basi likampisha, Kashindye akashuka kwenye pikipiki akazuia pande zote. Wakapita polepole, Nice anacheka dirishani.

Uvumilivu ukaniisha. Nikachomoka nimpite Lukman palepale katikati. Lori la magunia nalo likachomoka. Tukakwama uso kwa uso. Hakuna aliyenipisha! Bodaboda wote wakapita mmoja mmoja dirishani kwangu kunipa pole ya msiba, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Pilau imefika ukumbini wageni wameshamaliza keki. Nice kamshukuru Lukman mbele ya ukumbi mzima. Mimi kanipungia mkono kwa mbali. Imeniuma. Nasema hapa tu: imeniuma.

Jumatatu, 25 Agosti

Mataa bado hayajatengenezwa. Ila nimelala nikawaza, na kosa langu nimeligundua. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa msiba! Watu hawapendi vifo, wanapenda harusi.

Kwa hiyo riboni na maua sikuvitoa. Nimekwenda navyo kazini, taa zimewaka. Wamenipisha wote! Akina mama wamenipigia vigelegele! Najat wa ofisini, niliyempa lifti, alikaa kiti cha mbele akaona aibu mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Kashindye katoa macho, kauliza kama nimeoa. Sikuwa na muda wa maelezo. Nimemwambia ndiyo, nikapita zangu.

Sasa ni jioni. Naandika ndani ya gari, nje ya geti langu mwenyewe, maana Prudencia hafungui. Sanduku langu la nguo liko nje. Kaka zake wamejaa barazani na mama yangu, hakuna anayecheka. Na Lukman, huyo huyo, anashusha viti.

Sijui safari hii kafa nani.