Afya Imebaki Themanini na Nne

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nyota ya jaha imeniwakia! Saa mbili na nusu asubuhi, mashine ya kudurufu ikiwa bado inapata moto, Baba Mkwe alituita nyuma ya kaunta, mimi na mwanyumba wangu. Huyu ni bwana aliyemwoa mdogo wake mke wangu. Kila jambo kwake ni shwari, mvua shwari, mafua shwari, hivyo tunamwita Shwari. Baba Mkwe amesema magoti yake yamechoka kusimama. Jumapili, mbele ya familia, atamkabidhi mmoja wetu funguo za duka. Duka zima! Mashine mbili za kudurufu, mashine ya laminesheni, kiti cha picha za pasipoti, na ile stuli ya kuzunguka ambayo haruhusu mtu aikalie!

Kisha akatamka neno zito. Amesema: "Natazama kila mmoja wenu ametunzaje nilichompa." Basi, akarudi kupanga bahasha zake.

Nilichompa! Mwaka jana alitupatia simu, mbili, aina moja, siku moja. Mtihani ni simu! Miaka sita nadurufu vyeti vya watu wengine. Sasa ni zamu yangu.

Mchana nikamweleza mke wangu. Akasema labda baba yake anamzungumzia yeye, binti yake, niliyepewa mimi. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nikamkumbusha kwamba Kiswahili kina ngeli. Angekuwa anamzungumzia binti angesema "niliyempa". Amesema "nilichompa". Ki ya kitu! Mke wangu akanitazama kidogo, akaondoka na sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi simu, yule wa kibanda cha kona chenye upana wa mlango. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akanifikisha mahali paitwapo Afya ya Betri. Asilimia themanini na tano! Simu ya mwaka mmoja, inazeeka kunishinda mimi!

Akauliza naichajije. Nikasema ukweli: naijaza mpaka mia, inalala kwenye umeme usiku kucha, chini ya mto, na kava lake, na jioni nacheza mbio za magari huku waya umechomekwa. Fundi akaweka bisibisi chini. Amesema betri inachoshwa na joto, na inachoshwa na kubanwa kwenye ncha, yaani sifuri na mia. Ichezee kati ya ishirini na themanini. Ivue kava ikichaji. Isiwe kitandani, isiwe juani, chaja iwe ya maana. Na afya iliyokwishapotea hairudi, unalinda iliyobaki tu.

Nikauliza, je, nikiyafanya haya mara mbili ya inavyotakiwa, si itapanda? Fundi akacheka, akainamia simu nyingine. Hakukataa!

Alasiri nzima nimekaa ubavuni mwa soketi, simu uchi mbele yangu, macho kwenye asilimia. Akaja mwalimu na mitihani ya darasa zima. Nikamwomba anivumilie, tuko sitini na nane. Akavumilia mpaka sabini na moja, kisha akahamia kwa Shwari. Shauri yake. Ilipogonga themanini nikachomoa waya na kupiga kigelegele. Mteja mmoja akanipa hongera, akauliza ni wa kike au wa kiume.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimechungulia simu ya Shwari alipokwenda msalani. Tisini na tatu! Nilihisi kijasho chembamba mpaka kwenye soksi.

Nikamchimba kijanja, nikamuuliza siri yake. Hana siri! Hata hajui kama betri ina afya. Amesema akiona imetosha anachomoa, na huwa anaiweka dirishani kivulini kwa sababu akiiweka mfukoni inamtekenya. Mtu anashinda mtihani ambao hajui kama anaufanya! Dunia haina haki.

Ujanja kupata. Nikanunua chaja ya kando ya barabara, ile inayonuka plastiki kabla hata hujaichomeka, nikampa Shwari zawadi. Machozi yalimlenga. Amesema tangu aoe katika ukoo huu hakuna aliyemkumbuka hivi. Nikampigapiga mgongoni. Nilijionea fahari mno, nikajinunulia soda.

Jioni narudi nyumbani, ebo! Simu yangu niliyoisahau mezani iko kwenye kochi, chini ya mto, na kava lake, imechomekwa. Imepata moto kama pasi. Na imechomekwa kwa chaja ileile! Mke wangu ameeleza kwamba chaja yetu haionekani (niliificha mimi kwenye pipa la unga, watu wasije wakaijaza simu mpaka mia), ndipo Shwari, kwa moyo wake mwema, akapita kumwazima yake mpya. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tena mimi nimeingia na kamba.

Nikakimbilia friji. Nikailaza simu kati ya nyanya na maziwa, dakika kumi. Ikatoka inatiririka jasho. Nikaikimbiza kwa fundi kabla hajafunga. Karibu anichape na waya! Amesema joto halitibiwi kwa barafu, unyevu ukiingia ndani huo ni msiba mwingine. Akaikausha. Imepona. Afya: themanini na nne.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimepata! Nimepata! Nimeamka nacheka peke yangu.

Kinachochosha betri ni nini? Kutumiwa! Basi nisiitumie! Fundi mwenyewe alidokeza kwamba simu ya kuwekwa kabatini huzimwa ikiwa nusu, si mia wala sifuri. Leo ni zamu yangu ya mapumziko. Nimeifikisha hamsini, naizima mpaka Jumapili. Namba haitashuka hata chembe. Kimya kingi kina mshindo mkuu!

Ila kwanza Baba Mkwe ajue kwamba mkwe wake anafuatilia mali. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Ndugu zangu, sifichi. Afya imeshuka tena, leo imebaki 84. Fundi amesema iliyopotea hairudi. Ikifika 80 ni kubadilisha betri tu. Sasa nazima, napumzika mpaka Jumapili. Mke wangu bado hajatambua uzito wa jambo hili."

Mfupi, wazi, wa kiume. Mke wangu hataiona, maana alishanyamazisha lile kundi kwa sababu ya picha za maua ambazo Shangazi yake hutuma kila alfajiri. Nikabonyeza, nikazima. Raha iliyoje! Siku nzima hakuna aliyenisumbua.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mambo yananyooka! Nimefika dukani, Shwari akaninyang'anya boksi la karatasi mikononi. Amesema nisibebe kitu. Akaniletea stuli ya Baba Mkwe, ile ya kuzunguka! Akaniuliza kwa sauti ya chini najisikiaje. Nikamjibu najisikia mshindi. Akageuza uso, akapangusa macho.

Ameshajua kashindwa, maskini. Nimemhurumia. Nikazunguka na stuli mara nne.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mke wangu ametoka kwenda saluni, na hapohapo Shangazi yake akabisha hodi, kana kwamba alimvizia. Kabeba machungwa, supu kwenye chupa ya chai na blanketi. Blanketi! Mwezi wa tatu, jua la utosi!

Hatimaye nimepata mtu anayejali! Shangazi kanihoji maswali ya maana kuliko hata fundi. Akauliza imebaki ngapi. Nikasema themanini na nne. Ikifika themanini? Wanabadilisha. Akauliza lazima wafungue? Nikasema lazima, wanafungulia kwa nyuma, wanaipasha moto kidogo ile gundi ilegee, kisha wanaibandua. Shangazi akajipepea kwa kanga.

Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, upande wa kushoto, nilimoweka simu. Akauliza kwa kunong'ona, ndiyo iko hapo? Nikasema ndiyo yenyewe. Akauliza kama bado inapiga. Nikamwambia kupiga inapiga vizuri sana, ila tangu Alhamisi nimeizima.

Shangazi akashika ukuta. Akauliza nimeizima, na bado natembea? Nikasema natembea, nakula, nalala fofofo, hata siikumbuki! Tena nikamshauri na yeye azime yake. Akapiga magoti papo hapo sebuleni, akaomba dua ndefu. Nimesema amina. Watu wa kale wanaheshimu teknolojia.

Supu ilikuwa tamu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nitaandika yalivyokuwa.

Sebule ya Baba Mkwe ilijaa pomoni. Tulipoingia kila mtu akasimama. Nikapewa kochi kubwa peke yangu, na mito mitatu. Nikawapungia mkono. Mke wangu akaniuliza nimefanya nini. Nikamjibu nimetunza nilichopewa.

Baba Mkwe akasimama kwa taabu, funguo mkononi. Amesema moyo wake ulikuwa umemchagua mkwe mkubwa. Mimi! Kwa sababu binti yake kila akija kwao huja anacheka, na mwanamume anayemchekesha mwanawe miaka sita anaweza kuachiwa wateja. Alhamisi alinipigia mara tisa aniambie kabla ya wengine. Mara tisa! Simu yangu haikupatikana. Ndipo aliposoma ujumbe wangu na kuelewa. Amesema duka lina vurugu, na mtu aliyewekewa betri moyoni hospitali hawezi kuwekwa kwenye vurugu. Akampa Shwari funguo, mpaka mwenzake apone.

Nilichelewa kuelewa. Betri moyoni? Moyo wa nani? Kisha nikaruka juu ya mito. Nikapiga kelele kwamba ni simu, Baba, ni betri ya simu! Shangazi naye akapiga kelele kunizidi, nisipaze sauti, nitaimaliza iliyobaki! Wakanikamata wanne, wakanilaza kwenye mkeka, miguu juu ya kiti. Nikamtazama mke wangu aniokoe. Mke wangu alikuwa ameziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Wakamkumbatia, wakamwambia jikaze mama. Hakuwa analia! Alicheka mpaka akateleza chini ya meza, na kila alipojaribu kusema neno "simu" akaanza upya.

Ikapita robo saa ndipo alipopata pumzi ya kueleza. Nikaketi juu ya mkeka, nikajipangusa, nikanyoosha mkono kupokea funguo zangu.

Baba Mkwe akauliza kama kweli mimi ni mzima. Nikasema mzima kama kigongo. Akauliza simu ilikuwa mfukoni muda wote? Nikasema ndiyo, Baba, tena imetunzwa! Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. Amesema mgonjwa angemsubiri hata mwaka. Lakini mtu mzima, ana simu mfukoni, anaizima makusudi wiki anayotafutwa, amsubirie nini? Akamwambia Shwari afunge funguo zake kwenye mkanda vizuri. Shwari akasema shwari, ila kwa huzuni.

Nimelia, sifichi. Nilizitaka zile funguo. Tulipokuwa tunaondoka Baba Mkwe akanifuata mlangoni. Amesema Shwari mwenyewe amemwomba anifikirie tena, tuendeshe duka wawili. Wiki hii, siku yoyote, saa yoyote, atanipigia mara moja tu. Nikipokea, tutazungumza. Nisipopokea, nisimwulize tena habari za duka.

Mara moja tu. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nimemwambia nimejifunza.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimejifunza kweli! Kosa langu nimeliona, ni namba. Ningekuwa na mia tangu mwanzo nisingekuwa na haja ya kuandika ule ujumbe, na bila ule ujumbe hakuna mkeka.

Leo saa nne fundi kanibadilishia betri. Afya: mia! Nimeibusu. Fundi amesisitiza nitumie simu kama watu, nipige, nipokee, betri ni ya kutumika. Fundi mzuri, ila hana maono.

Nimechapisha kwa rangi picha ya skrini inayoonyesha ile mia, nikaipiga laminesheni, nikaitundika juu ya kaunta. Shwari amesema shwari. Kisha nikaandika kwenye kundi la familia, safari hii wazi kabisa, asipatikane wa kukosea: "Nimebadilishiwa betri leo. Alifungua kwa nyuma, nusu saa tu, sikuhisi kitu. Sasa ni mia kwa mia, napiga kama kijana."

Mke wangu anasema Shangazi yupo njiani na supu nyingine. Safi, nina njaa.

Na simu ya Baba Mkwe? Nimeshaipangia. Hiyo ndiyo simu kubwa kuliko zote nitakazopokea maishani, haiwezi kukuta betri imechoka kwa mambo madogomadogo. Simu yangu nimeizima na kuifungia kabatini, kivulini, ikiwa nusu. Atakapopiga, ataikuta ina nguvu zake zote.